Hodi Niliyomwachia Marehemu

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Katika kikao chetu hiki cha wafiwa nimeomba kukaa hapa karibu na mlango. Mniache hapahapa, sababu yake mtaijua.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Wazazi wetu walipofariki kule Lusu niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikawalea wadogo zangu. Kulia sikujifunza. Nilijifunza kuamka na kusonga ugali.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Ipuli. Alishonea sebuleni, na kila aliyepiga hodi, yeye ndiye aliyemjibu: kikohozi kwanza, kisha "Karibu, pita, mlango wako huo!" Mimi nilikuwa jikoni. Sikuwahi kuitikia hodi.

Akafariki. Wakati wa eda nyumba ilijaa watu. Eda ilipokwisha wakarudi makwao, ndiyo dunia. Sasa nawaambia jambo ambalo hata wanangu sikuwaambia. Mtu akipiga hodi, nilinyamaza. Nilikuwa namngoja yeye ajibu. Na kikohozi chake nilikisikia, ndugu zangu, kikitoka sebuleni kama anataka kusema. Nazuia pumzi. Ile "Karibu" yake haiji. Mgeni naye, kwa adabu zetu, anapiga hodi mara tatu, anaondoka. Mwishowe hawakuja tena. Nikaacha kupika, nikaacha kuoga. Niliona heri kukaa nikisikiliza.

Siku moja akaja mdogo wangu wa mwisho kutoka Lusu. Akapiga hodi, kimya. Jirani akamwambia, "Kaka, huyo hayupo. Atakuwa amekwenda Tura kwa binti yake."

"Kaenda Tura peku? Kandambili zake hizi hapa."

"Basi hataki watu."

"Anikatae mimi? Huyu alinibeba mgongoni nusura niote ndevu!"

Jirani akacheka. Mimi ndani sikucheka. Mdogo wangu akaketi kizingitini, akakaa sana. Kisha akasema taratibu, mdomo karibu na mbao, "Shikamoo, dada."

Ndugu zangu, hodi ilikuwa ya mume wangu. Shikamoo hiyo ilikuwa yangu. Hapakuwa na mwingine wa kuiitikia, hai wala maiti. Nikafungua kinywa, sauti imekauka: "Marahaba."

Nikamsikia analia.

Alinipeleka zahanati. Muuguzi akanisikiliza bila kunicheka, akasema huzuni nayo ni ugonjwa, na ina tiba. Namshukuru. Namshukuru mdogo wangu, na ninyi mnaonipitia tuje wote hapa.

Sijapona kama mtu avuavyo kanga. Kikohozi bado nakisikia. Ila sasa hodi ikipigwa naitikia upesi, kabla sijaanza kumngoja.

Nanyi mkifika kwa mjane, mkapiga hodi mara tatu kukawa kimya, msiondoke na adabu zenu. Kaeni. Mwamkieni yeye mwenyewe. Na mlango huu hapa, akija mtu leo, niachieni mimi nimjibu.