Miguu ya Mama Kasyoka, Fundi wa Ekalakala

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Kasyoka Nzuki, fundi wa nguo wa Ekalakala. Alituacha mwezi uliopita, Machi 2004, akiwa na miaka sitini na minane. Namkumbuka kwa moyo mzito, na nitawaambia sababu.

Kwa miaka thelathini Mama Kasyoka alikanyaga cherehani kwenye veranda ya duka pale sokoni. Watoto wengi wa Ekalakala na Ndithini walivaa sare alizoshona yeye. Halafu miguu ikaanza kumsumbua. Ilikuwa baridi hata jua la saa saba likiwaka. Hospitalini akaambiwa damu haifiki miguuni vizuri.

Mwaka jana, kwenye kipindi hiki hiki, nilimhoji daktari. Alisema maji ya vuguvugu yanaweza kuwapa nafuu baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo. Akaongeza: mguu uliokufa ganzi usitiwe joto kabla ya kumwona daktari, maana hausikii ukiungua. Maneno hayo ya pili hamkuyasikia. Muda ulikuwa umeisha. Niliyakata mimi.

Mama Kasyoka alikuwa anasikiliza. Kila jioni binti yake, Kalekye, akawa anamwekea beseni la maji moto. Mwanzoni alipata nafuu, akarudi kwenye cherehani. Alitutumia salamu za shukrani. Nilizisoma hapa, nikajivuna.

"Mama alikuwa ananiambia, 'Ongeza moto, haya yamepoa,'" Kalekye ameniambia. "Na mimi naongeza. Siku moja nikaona ngozi imetoka, na yeye anaendelea tu kunipigia hadithi. Hakusikia kitu."

Kidonda kilikataa kupona. Mguu ukakatwa chini ya goti. Baada ya miezi miwili Mama Kasyoka akafariki.

Siku ya mazishi nilimwambia Kalekye nilichokikata. Akasema, "Na mimi siku hizi zote nilijua ni mkono wangu."

Wasikilizaji wapendwa, kama una mzazi mwenye miguu baridi, mguse kwanza. Muulize kama anasikia kidole chako. Kama hasikii, acha beseni, mpeleke hospitali. Na sisi tunaoshika maikrofoni, tufikirie yale tunayoyakata.

Poleni sana, familia ya Nzuki. Mungu awatie nguvu.

Kalekye, kama redio iko wazi hapo nyumbani, nasema mbele ya watu wote: haukuwa mkono wako.