Machozi ya Mhoji: Kumuaga Mama Nasike

Tulikataa keki ya kumuaga Mama Nasike iandikwe "Sasa Pumzika", ingawa mwokaji wa Donholm aliapa kwamba wastaafu wote huandikiwa hivyo. Kwanza, inasikika kama tuko matangani. Pili, hapa kituoni neno hilo ni la Mama Nasike, na asiyejua kisa chake hajamjua Mama Nasike.

Bi. Nasike Opicho anastaafu Ijumaa hii, tarehe saba Novemba, baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Utafiti wa Jamii miaka ishirini na sita. Aliingia kama karani wa kunakili kanda, akawa mhoji, kisha msimamizi wa wahoji wote wa Eastlands, hapa Nairobi. Hakuna ploti ya vyumba vya kupanga, Huruma wala Mathare, ambayo hajapanda ngazi zake. Na jamani, jinsi anavyosikiliza! Ukizungumza naye unahisi dunia nzima imezimwa redio ili wewe usikike.

Mumewe, Mzee Opicho, alikuwa fundi viatu. Kila jioni alimngoja getini na mwavuli, hata kama mvua haikuwapo. Mimi niliyeolewa Agosti nikikumbuka mwavuli ule moyo unayeyuka. Mzee alipofariki, Mama Nasike alirudi kazini bado amevaa nyeusi, na kazi iliyomngoja ilikuwa ya kuwahoji wajane wa Huruma. Sote tulimsihi aiache. Akaikubali.

Mama mmoja muuza githeri, ambaye jina lake hatuliandiki, alimwambia, "Tangu tumzike, tumepumzika." Mama Nasike alilisikia neno hilo kama linavyosemwa makaburini. Akaandika kwamba mama yule naye amekufa pamoja na mumewe, ila bado anatembea. Ripoti ikapendekeza wajane wasafirishwe, na vyombo vyao, wakaishi kwa wakwe, karibu na makaburi ya waume zao. Shirika lililoomba utafiti lilikuwa tayari kukodi lori.

Lakini desturi ya Mama Nasike ilikuwa kumsomea mtu maneno yake kabla hayajachapishwa. Akaenda, akaketi kando ya sufuria, akasoma. Muuza githeri akaacha kupakua.

"Mama, hayo machozi umeyatoa wapi? Nimesema tumepumzika, mimi na watoto. Siku hizi mlango ukigongwa hakuna anayeingia chini ya kitanda. Sasa mnataka kunipeleka kwa ndugu zake, wao ndio waliomfundisha kupiga!"

Mama Nasike alirudi ofisini, akafungua kinasa sauti, akasikiliza mahojiano yote upya. Nilikuwa nimeketi meza ya pili. Katika kanda ile ya muuza githeri kweli kuna mtu analia, na ni mhoji.

Kesho yake alisimama mbele ya mkurugenzi wetu, Dkt. Kyule, akaomba uchapishaji usimamishwe. Pia aliomba ukurasa wa kwanza uwe na maneno haya: "Mimi niliyeuliza maswali haya nilimzika mume niliyempenda. Msomaji ajue hivyo." Dkt. Kyule akasema ripoti si mahali pa matanga ya mtu.

"Matanga yangu yameshaingia humo, Daktari," akajibu. "Naomba tu yaandikwe kwa jina langu."

Ripoti ilichelewa, shirika likanung'unika, lakini lori halikuja. Mama yule bado anauza githeri palepale, na watoto wake wanasoma.

Tangu hapo hakuna mhoji aliyetoka kituoni bila kuulizwa na Mama Nasike, "Leo unaingia kwa watu na nini moyoni?" Mwenye njaa aliambiwa ale kwanza. Kisilu, aliyegombana na baba yake, hakupewa kuhoji wazee wiki ile. Nami nilipoanza utafiti wa ndoa changa za Mathare, wiki chache baada ya harusi yangu, nilimletea kurasa zilizojaa mahaba. Alizisoma hadi mwisho, akavua miwani, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, hawa ndio wanapendana hivi, au ni wewe na Kimanzi wako?" Nilirudi Mathare. Nilipata mapenzi, ndiyo, lakini pia niliwasikia walionyamaza.

Sasa anarudi nyumbani Chwele, kwenye nyumba aliyoijenga Mzee Opicho, na kaburi la Mzee liko nyuma ya jiko. Hapa ndipo tunaposhindwa kuchangamka. Kila mtu anasema atakuwa mpweke, au atafarijika kuwa karibu naye, na kila mmoja anasema kwa moyo wake mwenyewe. Katika miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyemketisha Mama Nasike akamuuliza ujane kwake yeye ni kitu gani. Alituuliza sote. Sisi tulimletea chai.

Asante, Mama, kwa masikio yako na kwa aibu uliyokubali kuibeba ili mwingine asibebwe na lori. Mungu akupe siku ndefu, mahindi mazuri na majirani wasiokuchosha. Kabla Novemba haijaisha, mimi na Kimanzi tutafika Chwele. Hatutabeba kinasa sauti. Tutaketi, tutakuuliza, na safari hii tutanyamaza mpaka umalize.