Mbwa Ambaye Meya Hakuwahi Kumfuga

Benchi letu liko nje ya duka la ushirika, pale barabara kuu inapokutana na mtaa wa posta. Kama huujui mji wetu mdogo wa Tarnow usijisumbue, hata ramani huwa zinatusahau. Tunakaa wanne. Orest tunamwita Meya, kwa sababu aligombea umeya akashindwa kwa kura nne, sisi tukampa cheo bure. Metro ni Redio, haamini la mtu yeyote mpaka alisikie redioni. Dizeli ametengeneza matrekta miaka arobaini, na ukimsogelea utajua. Mimi ni Posta, kwa sababu nilikuwa posta, hakuna ujanja wowote hapo. Kila siku saa nne asubuhi tunatikisa dadu mbili kwenye kikombe cha bati, na mwenye namba ndogo anaingia dukani kuwaletea wote kahawa. Upande wa kushoto wa benchi kuna nafasi ya mtu wa tano. Hapo hatukai, na mtu akituuliza tunajifanya hatukusikia.

Jumanne hiyo ya Septemba, upepo umeshaanza kuwa na meno, Meya alikuja na simu mbili. Ya zamani kioo chake kilikuwa kinakufa, weusi umeanzia chini na kila siku unapanda kidogo. Ile mpya alikuwa amenunuliwa na binti yake. Alizipakata mapajani kama vifaranga wagonjwa, na uso wake haukuwa na salamu.

— Imenikataa, alisema.

— Nani tena? akauliza Dizeli.

— Simu. Nahamisha vitu vyangu kutoka hii kwenda hii. Ilikuwa inakwenda vizuri tu, mara ikagoma katikati. Eti niingie kwenye akaunti. Na hiyo akaunti si yangu.

— Ya nani sasa?

— Ningejua, Dizeli, ningekuja kwako?

Tukabanana tuone. Kwenye kioo kulikuwa na nyota nyingi, halafu mwishoni namba sabini na moja. Chini yake: weka neno la siri, au jibu swali la usalama. Meya akaligusa swali kwa kidole. Likafunguka.

— "Mbwa wako wa kwanza aliitwa nani?" nikasoma kwa sauti.

— Mnaona? Meya akapandisha sauti. Mbwa! Mimi na mbwa wapi na wapi? Mbwa akipita barabarani napiga chafya mpaka jioni. Nina paka, mji mzima unajua nina paka.

Dizeli akapokea simu mpya, akaigeuza nyuma na mbele, akainusa.

— Hii imeshatumika. Kuna mtu alikuwa nayo kabla yako, mtu mwenye mbwa.

— Imetoka kwenye boksi, ina nailoni yake!

— Hata mimi nilikuwa nauza matrekta yana nailoni yake. Rangi mpya, kiti kipya, mwenyewe unaona haya kulipanda. Injini imezika watu wawili.

— Ebo! Lile nililonunua mimi?

— Tusizungumzie lile.

Redio alikuwa ametulia muda wote, na Redio akitulia ujue anapika kitu.

— Niliwahi kusikia, alianza, kuna mabwana wakubwa huko pwani wanakusanya majina ya mbwa.

— Ya nini?

— Fikiri mwenyewe. Mtu atakudanganya umri wake, uzito wake, na ekari alizovuna. Jina la mbwa hadanganyi. Hilo ndilo neno pekee la kweli analobaki nalo mtu mzima. Wakishakuwa na mbwa wa nchi nzima, wamekushika.

— Kwa hiyo mimi nisiye na mbwa?

— Wewe ndiye unayewatia wasiwasi, Meya. Wanakuchunguza.

Hapo nikaona na mimi nisikae bure, maana miaka thelathini nimebeba barua za watu na najua mambo ya anwani.

— Nyote mmekosea, nikasema. Kuna Meya mwingine. Orest mwingine mahali fulani, sura hiihii, simu hiihii. Huyo alishinda uchaguzi. Ana mbwa, ana gari jipya, na simu inadhani wewe ndiye yeye.

Lo, nilijisikia vizuri sana. Meya akanigeukia.

— Ana mbwa wa aina gani? akauliza taratibu.

— Simu hizi zina mashetani, Dizeli akatuingilia. Yangu ilileta picha ya mwanamke mwenye kofia ya kijani anakula keki. Simjui! Mama watoto akaiona. Siku nne sikupewa chakula cha moto.

— Afadhali wewe ulipata keki, akasema Redio. Mimi naletewa paka. Paka wa kijivu, kila wiki, sijamwomba mtu. Nilidhani ni zawadi ya kampuni.

Na kabla hatujamzuia, Redio akanyakua simu, akaandika REX, akabonyeza. Ikatoka nyekundu: si sahihi, umebakiza nafasi mbili.

— Wewe nawe! Nani kakutuma?

— Nusu ya mbwa wote duniani wanaitwa Rex!

— Lete hapa, Dizeli akaichukua. Mashine inataka ukweli. Akaandika HANA MBWA. Nyekundu tena. Umebakiza nafasi moja.

Meya akampokonya simu. Akaikumbatia kifuani, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwenzetu hatanii.

— Si uitupe tu hiyo ya zamani, Dizeli akasema kwa kujitetea. Anza upya.

— Nyumba imo humu, alisema Meya.

Tuliijua nyumba. Aliuza shamba mwaka jana, goti lilimshinda, na mwenye kununua akaleta tingatinga mwezi wa tano, akasawazisha nyumba na zizi akapanda dengu. Hana kosa, ni mali yake. Lakini baba yake Meya aliijenga ile nyumba kwa mkono wake, na kwenye mlango wa jikoni kulikuwa na alama za penseli, urefu wa kila mtoto kila Krismasi, kuanzia Meya mwenyewe hadi wajukuu.

— Nilipiga picha kila chumba kabla sijakabidhi funguo. Na mlango nikaupiga. Sina mahali pengine, zimo humu. Na huu weusi jana ulikuwa hapa, leo uko hapa.

Alituonyesha kwa ukucha.

Ndipo alipotoka dukani Analyn, nesi mpya wa zahanati, kikombe mkononi. Alikuwa na wiki tatu tu mjini, ametoka Ufilipino akapitia jiji la Winnipeg, na tayari alikuwa amevaa koti ambalo sisi tunalivaa Januari.

— Shikamooni wazee wangu. Naweza kukaa?

Akakaa palepale, pa mtu wa tano. Tukavuta pumzi wote kwa pamoja. Kumwambia ainuke haikuwezekana, huyu ndiye anayetudunga sindano.

Meya akamweleza kisa chote, na Redio akaongezea habari za mabwana wa pwani. Analyn alisikiliza, akanywa kahawa kidogo, akauliza:

— Hii simu ya zamani, nani alikuwashia siku ya kwanza?

Dizeli alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama mbele, na mbele, ng'ambo ya barabara, kuna kituo cha mafuta, na nje ya kituo kuna kiti cha plastiki, na kwenye kiti alikuwa amekaa Lorne na kahawa yake peke yake, ametuelekea. Amekaa hapo miaka mitatu.

— Umeme, akasema Redio kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Lorne. Alikuwa fundi umeme. Alituwashia wote siku moja, hapahapa.

— Sabini na moja! nikaropoka. Mwaka aliopata cheti chake. Alikuwa anautaja hata kanisani.

— Alisema fomu ni ndefu, Meya akakumbuka. "Ngoja niweke yangu kwa sasa, nitawarekebishia wiki ijayo."

— Akawarekebishia?

— Wiki ijayo haikufika, mama. Tuligombana.

Analyn akatuomba simu zetu, akazipekua moja moja. Nyota zilezile, namba ileile. Sisi sote wanne tulikuwa ndani ya akaunti ya Lorne na hatukujua.

— Huyu paka, Analyn akamwonyesha Redio.

— Borys! Meya akaruka. Huyo ni Borys wangu!

— Na huyu mwenye kofia?

— Ni dada yangu Olga, akasema Redio. Siku aliyotimiza miaka sabini.

— Olga? Dizeli akasimama. Siku nne nimekula mkate mkavu kwa ajili ya Olga?

Tukacheka mpaka mtu wa dukani akatoka kuangalia. Analyn hakucheka sana. Alikuwa anatazama ng'ambo.

— Basi na yeye anaziona picha zenu, akasema. Zote. Miaka yote hii.

Kicheko kikaisha.

— Mligombana nini? akauliza Analyn.

— Dadu, alisema Meya. Alikuwa na moja kwenye mkono wa shati. Ilidondoka.

— Ilidondoka kutoka kwako, akasema Redio.

— Ilidondoka mezani, siku ile tulikuwa ndani, kulikuwa na theluji, nikasema mimi.

— Si ilikuwa habari ya mashine ya kupulizia theluji? akauliza Dizeli. Ile aliyoazima?

Tulitazamana. Analyn alisubiri kwa adabu, lakini kila mmoja wetu alikuwa na ugomvi wake. Mimi nakiri mbele yenu, nilikuwa nimemnunia mtu miaka mitatu kwa kumbukumbu ya kuazima.

Meya akainamia simu mpya.

— Burko, alisema. Mbwa wake wa kwanza aliitwa Burko. Tulikuwa na miaka tisa. Alizama kwenye barafu ya bwawa la ng'ombe, mimi nikalala kifudifudi juu ya barafu, Lorne kanishika miguu, nikamvuta kwa shingo. Nilipiga chafya wiki nzima.

Akaandika herufi moja moja. Ikakubali. Ikaandika: tumetuma namba sita kwenye simu ya mwenye akaunti.

Ng'ambo ya barabara Lorne akashtuka, akaingiza mkono mfukoni mwa shati. Akatafuta miwani. Akasoma. Akainua kichwa, akatuona wazee wanne na nesi tumeinamia kioo kimoja. Sijui alifikiri nini. Aliweka kahawa yake chini, akavuka bila kutazama kushoto wala kulia, lori la nafaka likamsubiri.

Analyn akasogea, akaacha nafasi. Lorne hakukaa kwanza.

— Picha ya mlango wa jikoni nimeihifadhi mara mbili, alimwambia Meya. Na nimeichapa kwenye karatasi, iko nyumbani ukutani. Sikujua nikuleteeje.

Meya akaishika simu mpya kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha.

— Nisomee namba, Lorne, alisema.

Akamsomea, taratibu, zote sita. Mstari wa buluu ukaanza kutembea kwenye simu mpya. Ndipo Lorne akakaa mahali pake, akaniomba kikombe cha bati. Kabla hajatikisa alikunja mikono ya shati, wa kulia na wa kushoto, mpaka juu ya viwiko, kwenye upepo ule. Akatutazama mmoja mmoja tuone. Akatikisa.

Moja na moja.

— Hata wizi hujui, akasema Meya, anajifuta pua.

Lorne akainuka, akamwuliza Analyn anakunywaje kahawa yake. Sisi wengine hakutuuliza.