Papa Polycarpe na Sura za Mlangoni

Baada ya miaka ishirini na sita kwenye lango la depo yetu ya mbegu hapa Mweso, Papa Polycarpe Hakorimana anastaafu tarehe 30 Juni. Kazi yake ilikuwa kushika karte ya mkulima, yaani kitambulisho chake, kutazama picha, kumtazama mwenyewe, kisha kusema "pita" ao "rudi".

Kwa miaka mingi macho yake yalikuwa ukungu mtupu, na hakuna aliyelalamika. Aliwajua watu kwa kikohozi na salamu zao. Ni kweli, aliwahi kumkaribisha mbuzi wa paroko na kumwita Mama, lakini mbuzi hakuchukua mbegu.

Mwaka jana tukamchangia miwani. Loo, tulijitakia wenyewe! Sasa aliona kupe kwenye ng'ombe wa kilima cha pili, lakini kulinganisha sura kukamshinda kabisa. Kila kovu jipya lilimtia shaka. Alimrudisha mkubwa wa depo kwa kuwa amenyoa ndevu. Alimrudisha mke wake, Mama Anne, aliyemletea chakula, akashinda njaa huku ameridhika.

Mwezi wa tisa akafika Mama Drocella Murekatete, aliyekimbia vita kutoka Bihambwe na watoto wake. Alikuwa ameazimwa shamba, mvua imeanza, na ilikuwa siku ya mwisho ya kugawa maharagwe.

"Rudi, Mama. Huyu wa mu karte iko munene."

"Papa, huyu njo miye mwenyewe. Ule alikuwaka anakula."

Tulimsihi, wapi! Ndipo Mama Drocella akamwambia Papa Poly naye atoe karte yake, ajilinganishe. Papa Poly akainama kwenye kioo cha pikipiki iliyokuwa pale. Akatazama kioo, akatazama karte, akarudia.

"Huyu kijana simujui," akasema. Akatoka nje ya lango, akapanga foleni nyuma ya Mama Drocella.

Lango likabaki halina mtu, basi wote wakaingia. Mama Drocella alipata mbegu zake, akapanda kabla ya giza.

Toka hapo Papa Poly aliwauliza waliopanga foleni: "Munamujua?" Wakikubali, alifungua.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mama Drocella alirudi, mashavu yamejaa. Papa Poly alitazama karte, akamtazama yeye. Hakuuliza mtu. Alivua miwani, akafuta machozi, akafungua lango lote.

Tunakushukuru, Papa Poly. Mungu akupe siku nyingi, tena nzuri.