Mpaka Ulihama, Mto Haukuhama

Guangzhou, Jumapili, 24 Agosti 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mzee Respicius, Mchungaji, ndugu wageni waalikwa, na wewe, Séphora, binti yangu, unayepanda ndege kesho:

Mimi si msemaji. Msemaji alikuwa marehemu mume wangu, Floribert, na wengi wenu mlionunua vifaa vya shule dukani kwake, mtaa wa Yide Lu, mlisomeshwa jiografia bila kuomba. Nani hapa hakusimuliwa habari za Bretagne? Mwalimu wake kule nyumbani Likasi alitoka huko, basi Floribert, ambaye hakufika hata siku moja, aliijua kama ua wa nyumba yake: rasi ya mawe magumu iliyojichomeka baharini, nchi iliyokuwa na watawala wake hadi ilipounganishwa na Ufaransa mwaka 1532, ikawa jimbo, kisha mapinduzi yakaikata vipande.

Kaka Khalid, unakumbuka ulivyomchokoza?

"Shemeji, Bretagne si ndiyo Uingereza?"

"Hiyo ni ile Bretagne Kubwa! Mimi nasema yangu, ya siagi ya chumvi!"

Alitamani Séphora akasome huko. Barua ya chuo ilipofika, miezi minane baada ya kumzika, ilisema mji wa Nantes. Tukatazama ramani ya siku hizi: Nantes haimo Bretagne, imo mkoa mwingine! Séphora akaikunja barua. "Mama, siendi. Si kule alikosema Papa."

Ndipo nikatoa daftari la shule la baba yake, ninalolitunza kwenye kopo la biskuti. Ramani ya Bretagne aliipaka kijani mwenyewe, na Nantes imo ndani, karibu na mahali mto Loire unapoingia baharini. Pembeni aliandika maneno ya mwalimu: "Wamehamisha mpaka. Mto haukuhama." Na chini, kwa herufi ndogo: "Bandari hii ilitajirika kwa kuuza watu wa Afrika."

Séphora akacheka, akalia, akainyoosha barua.

Basi nenda, mwanangu. Jifunze yote mawili, siagi na uchungu. Baba yako naye ameondolewa kwenye karatasi nyingi mwaka huu. Hata kibao cha duka kimebadilishwa jina. Je, amehama kwetu?

Ndugu zangu, nawashukuru kwa wali, kwa nyimbo, kwa koti la baridi kutoka soko la nguo la Shisanhang, ambalo Mzee Respicius amelichagua kubwa kama hema, na kwa masikio yenu mliyoniazima. Séphora, ukisimama kando ya ule mto, mkumbuke baba yako. Na mimi pia, nikumbuke.