Cherehani Itoke Kabla Yangu

Sogeeni wanangu, nawe mwanangu wa kiume funga huo mlango, maana baba yenu mdogo ana masikio marefu kuliko ndevu zake, na haya ni yenu wawili tu.

Mtaa mzima unamsifu marehemu baba yenu kuwa fundi hodari wa suti, nami sikuwahi kubisha. Lakini nyinyi mnajua alikaa mbele na futi shingoni akipiga soga, mimi niko chumba cha nyuma nakata na kushona, nikiwachungulia wateja kwenye tundu la pazia, kwa sababu vipimo vyake vingemvalisha bwana harusi suruali ya mtoto. Usione vyaelea, vimeundwa. Siku moja nilimwomba nikampime mteja mwenyewe, akacheka, "Mke wangu, mwanamume gani atakubali kupimwa kiuno na mwanamke?" Wateja nao wakacheka, nikarudi nyuma kumalizia koti. Niliumia, wanangu. Mama yangu akanituliza eti mvumilivu hula mbivu. Nimevumilia mpaka zimeozea mtini.

Nyumba ni ya ukoo, duka lina jina la baba yenu, na hata cherehani niliyoikanyaga tangu usichana wangu inahesabiwa mali ya marehemu. Nikishazikwa, baba yenu mdogo atakaa na wazee wagawane, na wewe binti yangu, uliyerithi mkono wangu, utapewa chumba kile kile cha nyuma umshonee yeye. Ameshaniambia, tena kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi.

Basi msingoje nife. Wewe kaka yake, mbebee cherehani sasa hivi kungali mchana. Ukiulizwa, sema inakwenda kutengenezwa, na usibishane, huna kifua cha ugomvi. Nawe binti yangu, tafuta chumba chenye dirisha la barabarani, upime watu kwa mkono wako mwenyewe. Ukisikia nimezidiwa, usirudi. Ukisikia nimezikwa, usirudi. Wakikupata msibani hutatoka tena.

Nipe maji kidogo... Inatosha. Lete kichwa chako hapa. Mungu akutangulie, akupe riziki yenye jina lako, na wewe kijana wangu akupe moyo... pumzi inanikatika... 

Nenda, mama. Usigeuke mlangoni, maana nikiuona uso wako nitakuomba ubaki.