Mama Shuka na Mzee Godoro

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, Mama Shuka anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu. Mashuka, mapazia na nguo za wagonjwa, vyote vimepita mikononi mwake. Ukimpelekea kazi ya haraka utaipata, lakini na maneno yako utayapata.

Miaka tisa iliyopita, karani wa masjala alichanganya orodha mbili akampeleka Mama Shuka kwenye mafunzo ya wauguzi ya kuokoa maisha. Angeweza kurudi kwenye cherehani yake. Yeye alivua viatu, akapiga magoti, akafaulu kuliko baadhi ya waliotumwa kihalali. Karani aliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza.

Tangu siku hiyo hatukupata raha. Kwa kuwa sisi tusio wauguzi hatukuwa na sanamu ya mazoezi, alitushonea moja kwa godoro kuukuu, akaivisha shati, na kifuani akaficha mwanasesere wa mpira anayelia pale tu unapokandamiza kwa nguvu ya kutosha. Huyo ndiye Mzee Godoro. Kila Jumatano mchana walinzi, wapishi, madereva na wasafishaji walipigishwa magoti mbele yake, na asiyemliza hakuruhusiwa kuondoka. Meneja wetu alijaribu kumbembeleza kwa ncha za vidole, akarudishwa mara tatu.

Mmoja tu alikwepa: karani yule yule. Kila Jumatano alizidiwa na mafaili, na kwenye chai alijigamba kwamba mtu mzima hachezi na wanasesere.

Machi mwaka jana, kwenye foleni ya chai ya saa nne, karani alianguka. Aliitwa, hakuitika, hakuwa akipumua. Mlinzi wa getini alikandamiza kifua huku mpishi akihesabu kwa sauti, kisha wakapokezana. Msafishaji alikimbia kuita madaktari. Kantini iko nyuma kabisa ya uwanja, na zilipita dakika sita kabla ya mashine ya kushtua moyo kufika. Dakika zote hizo karani alishikiliwa na mikono iliyofundishwa na fundi cherehani. Ubavu wake mmoja ulivunjika. Mama Shuka alipokwenda kumwona wodini, alimwambia kuwa ubavu utaunga, na kwamba Jumatano iko pale pale.

Karani huyo ni mimi. Wiki iliyopita, kwa jaribio la nne, nilimliza Mzee Godoro, na nimekabidhiwa nimtunze.

Mama, tunajivunia wewe kuliko tunavyoweza kusema. Asante kwa kila pindo na kila Jumatano. Nenda ukapumzike na wajukuu. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za furaha. Barua yangu ya kujieleza ingali kwenye faili, na ndani yake niliomba radhi kwa kuchanganya orodha. Leo naomba radhi hiyo ifutwe.